Bonasi ya jeshi la Marekani: someni viambatisho kabla ya kuhesabu dola

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo linalowagusa vijana waliopata bahati nasibu ya viza ya Marekani, pamoja na wazazi wao walioko Nairobi, Arusha, Bukavu na kwingineko ambao wanasubiri kusikia kijana amefika na ameanza maisha. Katika makundi ya WhatsApp zimezagaa sauti za watu wakisema hivi: ukitua tu na Green Card yako, nenda ofisi ya jeshi, utapewa dola 50,000 taslimu, utalipiwa deni la chuo, na uraia utaupata ndani ya miezi mitatu. Wengi wanaosema hivyo hawana nia mbaya. Tatizo ni kwamba kila kipande cha maneno hayo kina ukweli kidogo ndani yake, na huo ukweli kidogo ndio unaowaponza watu.

Tuanze na hizo 50,000. Hazikubuniwa na mtu. Januari 2022 Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lilitangaza kwamba anayejiunga kwa mara ya kwanza kwa mkataba wa miaka sita anaweza kupata bonasi ya hadi dola 50,000. Jeshi lilikuwa na njaa ya watu: mwaka huo wa fedha lilitaka askari wapya 60,000, likaishia kwenye 45,000 hivi. Neno la kushika hapo ni "hadi". Kiasi hicho hujengwa kwa vipande. Kuna kipande cha fani uliyoichagua, kuna kipande cha kukubali kuondoka haraka kwenda mafunzoni, kuna kipande cha kazi ngumu kama ya askari wa miamvuli. Kila kipande kina masharti yake, na kila kimoja kinaweza kudondoka peke yake huku vingine vikibaki. Viwango navyo hupanda na kushuka kama bei ya nyanya. Fani ikikosa watu, bonasi inapanda. Nafasi zikijaa, inashuka au inafutwa kabisa. Kwa hiyo kiasi alichopata binamu yako mwaka juzi hakikuhusu wewe.

Halafu kuna kustahili. Mtihani wa kuingia unaitwa ASVAB, na alama inayoamua kama unapokelewa hutokana na sehemu zake nne za hesabu na Kiingereza. Alama hiyo si asilimia ya maswali uliyopata. Inaonyesha uko wapi kati ya watu 100 wa kupimia. Kwa kawaida 31 inatosha kuingia Jeshi la Nchi Kavu, lakini bonasi nyingi zimekuwa zikitaka 50 kwenda juu. Kijana aliyepata 38 anapokelewa kwa tabasamu, anapewa fani, na neno bonasi halitajwi tena. Wengine hukwama kwenye cheti. Cheti cha kidato cha nne cha Tanzania au KCSE ya Kenya lazima kikaguliwe na taasisi inayotambulika Marekani, nayo itoe barua kwamba kinalingana na cheti cha sekondari cha kule. Bila barua hiyo unaweza kuwekwa kwenye daraja la wasiomaliza shule, ambalo bonasi zake ni chache au hakuna. Ukaguzi huo ufanyike kabla ya kwenda kwenye mtihani. Usiusubiri mpaka wiki ya kusaini.

"Taslimu" ni neno jingine la kuangalia. Bonasi hukatwa kodi ya serikali kuu ya asilimia 22 papo hapo, na baadhi ya majimbo hukata ya kwao. Bonasi ya dola 20,000 inakuwa 15,600 kabla jimbo halijatia mkono. Wala hailipwi siku ya kiapo. Katika Jeshi la Nchi Kavu utaratibu wa kawaida ni kwamba unamaliza mafunzo ya awali, unamaliza mafunzo ya fani, unaripoti kituo chako cha kwanza, ndipo malipo ya kwanza yanaanza kushughulikiwa. Kiasi kikizidi dola 10,000, kinachobaki hugawanywa kwa mafungu ya kila mwaka. Fani ndefu huchukua karibu mwaka mzima kabla senti ya kwanza haijaonekana. Katika Gadi ya Taifa na Jeshi la Akiba, yaani askari wa muda wanaofanya mazoezi ya wikiendi, mara nyingi nusu hutoka baada ya mafunzo na nusu nyingine katikati ya mkataba. Anayemwahidi mama yake kiwanja kwa hesabu ya bonasi ya mwezi ujao, amesikia vibaya au ameambiwa vibaya.

Sasa nifike kwenye karatasi, maana kila kitu kiko humo. Mkataba wenyewe ni fomu ya DD 4. Ni fupi, kurasa chache tu, na watu huisaini wakiwa wamechoka, wameamshwa alfajiri, wamepimwa macho, masikio na mkojo, na wanasubiri basi. Kipengele cha 8 kinasema kwamba makubaliano yaliyo katika sehemu hiyo na kwenye viambatisho ndizo ahadi zote ulizopewa na serikali, na kwamba kingine chochote ulichoahidiwa na mtu yeyote si halali na hakitatekelezwa. Sehemu hiyo ya mwisho imechapwa kwa herufi kubwa, na unatakiwa kuweka herufi za mwanzo za jina lako pembeni. Mtu akishaweka herufi hizo, maneno yote ya ofisini, ya kwenye gari na ya kwenye simu yamekwisha. Hata ujumbe wa maandishi kutoka kwa mwandikishaji, wenye namba na alama ya dole gumba, hauingii kwenye mkataba.

Kipengele cha 9 ni kikali zaidi, na sijasikia mwandikishaji akikisoma kwa sauti. Kinasema sheria zinazohusu wanajeshi zinaweza kubadilika bila wewe kutaarifiwa, na mabadiliko hayo yanaweza kugusa hadhi yako, mshahara, posho, marupurupu na wajibu wako, bila kujali hati hii inasema nini. Yaani upande mmoja wa mkataba unaweza kubadili masharti na upande wa pili hauwezi. Kwenye kupangisha nyumba mkataba wa namna hiyo tungeuita wa kinyonyaji. Jeshini ni sheria, na mahakama zimeuheshimu. Humo humo kuna kwamba vita ikitokea muda wako unaweza kuongezwa. Hilo si la vitabuni. Wakati wa vita vya Iraq na Afghanistan maelfu ya askari waliomaliza muda wao walizuiwa kuondoka, na baadaye, mwaka 2009, Bunge la Marekani likapitisha walipwe dola 500 kwa kila mwezi walioshikiliwa.

Kipengele cha 10 kinahusu miaka minane. Hata ukisaini mitatu au minne, wajibu wako wote kwa kiapo cha kwanza ni miaka minane. Inayobaki hutumikiwa kwenye akiba, mara nyingi bila mazoezi wala mshahara, lakini jina lako liko kwenye orodha na unaweza kuitwa. Si kwamba utaitwa. Ila "nilisaini minne tu" ni kauli isiyo sahihi.

Fani na bonasi havimo kwenye kurasa hizo. Vimo kwenye viambatisho, na katika Jeshi la Nchi Kavu hivyo ni fomu za mfululizo wa DA 3286. Hapo ndipo pa kukaa na kalamu. Namba ya fani iandikwe, si "kazi ya kompyuta" wala "kitengo cha afya". Kiasi cha bonasi kiandikwe kwa tarakimu. Ikiwa bonasi ina vipande vitatu, vyote vitatu vionekane na kila kimoja kiwe na sharti lake. Urefu wa utumishi ulingane na ule wa kwenye DD 4. Kutofautiana kwa mwaka mmoja kunatosha kuizuia hazina isilipe. Tarehe ya kuondoka iangaliwe sana ikiwa una kipande cha kuondoka haraka, kwa sababu tarehe ikisogezwa, hata kama sababu ni uzito wako au karatasi za daktari, kipande hicho huenda nayo. Na kila kiambatisho kitajwe kwa herufi yake kwenye DD 4. Kiambatisho ambacho hakikutajwa ni karatasi tu.

Ambalo wengi hawalijui ni kwamba anayekuuzia fani si yule mwandikishaji mliyekunywa naye soda. Huyo kazi yake ni kukufikisha kituo cha MEPS, ambako hupimwa afya, hula kiapo, na kuketi mbele ya mshauri wa kazi mwenye kompyuta inayoonyesha nafasi za siku hiyo. Mwandikishaji hawezi kukuahidi fani kwa sababu hana mamlaka nayo. Mshauri naye atakuonyesha nafasi tatu au nne, na mara nyingi atasema ya pili itakuwa imechukuliwa kesho. Pengine ni kweli. Lakini hakuna sheria inayokulazimisha kusaini siku hiyo. Unaweza kurudi nyumbani ukarudi wiki nyingine, na vipimo vyako havitatupwa.

Mwenye Green Card ana kizuizi chake: fani zinazohitaji kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kushika siri za serikali, kama za ujasusi na baadhi ya za mawasiliano, zimefungwa kwa asiye raia. Na nyingi kati ya hizo ndizo zenye bonasi nono kwenye matangazo. Vijana hufika wakiwa na picha ya tangazo kwenye simu, wanaambiwa hiyo si yako, na wanamaliza siku wakiwa wamesaini fani ya kuendesha lori isiyo na nyongeza yoyote. Si fani mbaya. Ila hawakuijia. Na anayedhani kwamba kuzungumza Kiswahili, Kirundi na Kifaransa kunamletea fedha moja kwa moja, aulize imeandikwa wapi kwenye kiambatisho chake.

Kiapo ni mara mbili, na hapa ndipo ahadi nyingi hupotelea. Siku ya kwanza unaapa kuingia kwenye kundi la wanaosubiri, ambako unaweza kukaa hadi siku 365. Siku ya kuondoka unarudi MEPS, unapimwa uzito tena, unasaini ukurasa wa mwisho wa DD 4, unaapa tena, na sasa umekuwa askari kamili. Kati ya siku hizo mbili lolote hubadilika: fani imefungwa, tarehe imesogea, daktari ameongeza swali. Likibadilika, mkataba hufunguliwa upya, na bonasi inayotumika ni ya siku hiyo mpya, si ya siku ile ya kwanza. Kijana hupewa rundo la karatasi saa kumi na mbili asubuhi na kuambiwa "ni zile zile". Aziangalie moja moja. Ukurasa wa bonasi ukikosekana, aulize kabla ya kunyanyua mkono. Bonasi ambayo haikuwemo siku hiyo haiwezi kuongezwa baadaye kwa barua ya kamanda mwema.

Kabla ya kiapo cha pili mtu ana haki ya kujitoa. Hili hufichwa sana. Utasikia vitisho: utakamatwa, utafukuzwa nchini, hutapata kazi ya serikali maisha yako yote. Si kweli. Asiyeondoka siku aliyopangiwa akiwa bado kwenye kundi la wanaosubiri si mtoro wa jeshi. Anaandika barua fupi yenye jina lake, tarehe, na sentensi moja kwamba anajiondoa, na sababu kama anataka kuitoa. Anaituma kwa kamanda wa kikosi cha uandikishaji, anabaki na nakala, na halazimiki kwenda ofisini kujieleza kwa watu watatu waliosimama mlangoni. Tofauti iko kwa Gadi ya Taifa: huko ukiapa mara moja umeshakuwa mwanachama, hata kabla ya mafunzo, na kutoka kunahitaji uamuzi wa kamanda. Watu huchanganya haya mawili na kujikuta wamekwama.

Sitaki kumfanya mwandikishaji shetani. Mara nyingi ni sajenti aliyepelekwa ofisi hiyo kwa miaka michache bila kuomba. Hapati kamisheni kwa kichwa kama wengi wanavyoamini, lakini ana mgawo wa kila mwezi, na asipoutimiza Jumamosi zake zinaisha na tathmini yake inachafuka. Shinikizo hilo lina alama zake. Mwaka 2006 Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali, ambayo ni mkaguzi wa Bunge la Marekani, ilitoa taarifa kwamba kati ya 2004 na 2005 tuhuma dhidi ya waandikishaji zilipanda kutoka karibu 4,400 hadi 6,500, na zilizothibitishwa kutoka zaidi ya 400 hadi karibu 630. Ndiyo miaka ambayo Iraq ilikuwa imechacha na vijana hawaji. Kanuni ni nyepesi: watu wakiadimika, ahadi hunenepa.

Kulipiwa deni la chuo nako kuna mitego yake. Mpango huo hulipa mikopo ya elimu ya serikali kuu ya Marekani tu. Mkopo wa benki binafsi hauhusiki, na mkopo wa bodi za mikopo za nyumbani, HESLB ya Tanzania au HELB ya Kenya, hauhusiki kabisa. Nimeona watu wakiubeba kwenye hesabu zao. Mkopo lazima uwepo kabla ya kujiunga na usiwe umetelekezwa. Kwa askari wa kudumu hulipwa theluthi ya msingi wa mkopo au dola 1,500, kile kilicho kikubwa, baada ya kila mwaka mzima wa utumishi. Riba ni juu yako, na malipo hayo yanatozwa kodi. Gharama kubwa haionekani mwanzoni: miaka unayotumikia kwa ajili ya mpango huo haihesabiwi kwenye ule msaada wa masomo wa baada ya 9/11, unaolipa ada ya chuo kikuu na kodi ya nyumba. Mwenye deni la dola 9,000 akisaini mpango huu kwa miaka mitatu, anabadilisha ng'ombe kwa kuku. Na mipango hii miwili huelezwa kwa pamoja kana kwamba ni mapacha.

Nije kwenye kurudisha fedha, kwa sababu ndilo linalowaumiza waliokwisha kuvaa sare. Bonasi si zawadi. Ni malipo ya kazi ambayo bado hujaifanya. Sheria ya mishahara ya jeshi, kifungu cha 373 cha juzuu ya 37, inasema usipotimiza masharti unarudisha sehemu ambayo hujaitumikia. Hesabu ni ya miezi. Dola 20,000 kwa miezi 48 ni karibu 417 kwa mwezi. Ukitoka mwezi wa 30 na ulishalipwa zote, miezi 18 haijatumikiwa, na unadaiwa 7,500. Hapo kuna uchungu wa ziada. Deni likitokea mwaka mwingine wa kodi, unadaiwa kiasi kizima, pamoja na ile asilimia 22 ambayo hukuiona kamwe, kisha uifuate mwenyewe kwenye marejesho ya kodi.

Na kutotimiza masharti si lazima uwe umefanya kosa. Kufeli mafunzo ya fani ukahamishiwa nyingine kunatosha. Kunyimwa kibali cha usalama, kuzidi uzito, kuomba mwenyewe kubadili fani, yote huweza kukata bonasi. Kwenye Gadi na Akiba, kukosa vipindi tisa vya mazoezi bila ruhusa ndani ya mwaka kunakuweka kwenye kundi la wasioshiriki, na wikiendi moja ya kawaida ina vipindi vinne. Hesabu: wikiendi mbili na kidogo tu. Anayehama jimbo kufuata kazi ya ghala kutoka Ohio kwenda Texas, bila kwanza kupata kikosi cha kumpokea kwenye fani ile ile, amejitengenezea deni. Aliyefariki na aliyeumia vitani wamelindwa na sheria. Aliyeumia goti akicheza mpira kambini hana uhakika huo. Lake huamuliwa peke yake.

Wanaosema serikali haiwezi kumdai askari fedha iliyompa yenyewe, waangalie California. Katikati ya miaka ya 2000, vita vikiwa vimepamba moto, Gadi ya Taifa ya jimbo hilo iligawa bonasi za kusaini upya, nyingine za dola 15,000 na zaidi, ili watu wasiondoke. Zilikuwa zimekusudiwa kwa fani zenye upungufu. Msimamizi wa bonasi hizo, sajenti mkuu, alizipitisha hata kwa wasiostahili. Mwaka 2011 alikiri mahakamani kuwasilisha madai ya uongo ya dola milioni 15.2 na akahukumiwa miezi 30 jela. Lakini askari waliopokea walikuwa wamesaini walichowekewa mbele, na wengi wakarudi Iraq na Afghanistan kutimiza upande wao. Jeshi lilikagua mafaili ya watu karibu 14,000, na karibu 9,700 wakaambiwa warudishe sehemu au zote. Mishahara ikakatwa, riba ikapanda, watu wakaweka nyumba rehani. Zaidi ya dola milioni 22 zilikuwa zimekusanywa wakati gazeti la Los Angeles Times lilipoifichua habari hiyo Oktoba 2016. Siku chache baadaye, tarehe 26, Waziri wa Ulinzi Ash Carter alisimamisha ukusanyaji, na hatimaye walio wengi wakasamehewa. Ilichukua miaka kumi kutoka kosa hadi msamaha.

Katika mafaili yale, baadhi ya watu waliwekwa upande wa wadaiwa si kwa sababu hawakustahili, bali kwa sababu karatasi ilikosekana au haikuwa na sahihi. Kwetu habari hii si ngeni. Jina la Kariakoo, la Dar es Salaam na la Nairobi, limetokana na jeshi la wapagazi wa Vita vya Kwanza, na wengi wao walikufa au kurudi bila ujira wao. Upande wa Wajerumani, askari Waafrika waliokuwa chini ya kamanda wa Kijerumani von Lettow walisubiri malimbikizo yao hadi kizazi kingine: mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi lilipitisha walipwe waliokuwa bado hai. Husimuliwa kwamba wazee walipojitokeza Mwanza, ni wachache mno waliokuwa bado na hati zao za mwaka 1918, na wasiokuwa nazo wakapewa ufagio waonyeshe jinsi ya kushika bunduki kwa amri za Kijerumani. Hadithi ya ufagio inachekesha mpaka uifikirie kwa upande wa mzee aliyeshika ufagio.

Uraia ndio ahadi inayowavuta watu wetu kuliko fedha, na ndiyo iliyovunjwa kwa namna ya kusikitisha zaidi. Kati ya mwaka 2009 na 2016 kulikuwa na mpango ulioitwa MAVNI, uliowapokea hata wasio na Green Card ikiwa ni madaktari, wauguzi au wazungumzaji wa lugha zilizohitajika. Kiswahili kilikuwemo kwenye orodha. Zaidi ya watu 10,000 waliingia kwa njia hiyo, wengi wakipata uraia mwishoni mwa mafunzo ya awali. Septemba 2016 uchunguzi wa usalama ulikazwa na mlango ukafungwa kwa wapya, huku waliokwisha kusaini wakiwa katikati ya daraja. Wengine walisubiri miaka bila kupangiwa tarehe, viza zao za wanafunzi zikaisha, wengine wakaondolewa jeshini bila kuelezwa sababu. Oktoba 2017 Wizara ya Ulinzi ikaongeza kwamba fomu ya N-426, inayothibitisha utumishi wako kwa idara ya uhamiaji, haitasainiwa mpaka utimize siku 180 za utumishi kamili au mwaka mmoja wa akiba. Masharti hayo ya muda yalibatilishwa na mahakama Agosti 2020.

Leo mlango ulio wazi ni wa mwenye Green Card. Njia ya uraia ipo kweli: katika kipindi cha vita kilichotangazwa tangu Septemba 11, 2001, sheria haidai miaka mitano ya kusubiri, wala ombi la uraia, fomu ya N-400, halilipiwi ada na mwanajeshi. Lakini uraia hauji wenyewe kama sare. Lazima ujaze ombi, upate N-426 iliyosainiwa na mwenye mamlaka, utoe alama za vidole, ufaulu mahojiano. Kijana aulize kuhusu N-426 wiki ya kwanza ya mafunzo, kwa sababu karani akiisahau, kuhamia kituo kingine kunairudisha safari mwanzo. Na uraia uliopatikana kwa utumishi unaweza kufutwa ukitolewa jeshini kwa njia isiyo ya heshima kabla ya kutimiza miaka mitano. Sauti za WhatsApp hazifiki huko.

Kwa aliyekwisha kudhulumiwa, kuna milango mitatu ya kubisha. Kwanza ni mkaguzi mkuu wa kikosi chake au mbunge wa jimbo analoishi. Barua ya ofisi ya mbunge hujibiwa haraka kuliko barua kumi za askari, na asiye raia anaweza kuiomba pia. Pili, kama ni deni, fomu ya DD 2789 inaomba lisamehewe, na iambatane na viambatisho vya mkataba. Tatu ni bodi ya kusahihisha kumbukumbu za jeshi kwa fomu ya DD 149, ndani ya miaka mitatu tangu kosa lilipogunduliwa. Bodi hiyo ina uwezo hata wa kuamuru ulipwe bonasi iliyoachwa kwa uzembe wa karani. Mlango wa tatu ni wa polepole mno, na bila karatasi haufunguki.

Ndiyo maana nashauri nakala zitoke mikononi mwa kijana kabla hajapanda basi. Siku ya kwanza ya mafunzo simu hukusanywa na kufungiwa, na karatasi za mfukoni hulowa jasho. Jioni ya kuamkia safari apige picha kila ukurasa wa DD 4 aliosaini na kila kiambatisho, zikiwemo zile kurasa zenye herufi za mwanzo tu, amtumie dada au kaka asiyepoteza simu ovyo. Asubuhi ya kiapo cha pili aombe nakala ya karatasi zote mpya, apige picha tena palepale MEPS kwenye eneo la kusubiri, azitume kabla ya saa ya basi. Aliyezipokea azichapishe na kuziweka pamoja na cheti cha kuzaliwa, na asizitupe hata bonasi ikishalipwa yote, maana kule California barua za madai ziliwafikia watu miaka mingi baada ya fedha kuliwa.

Wako,
Mfasiri wa nyaraka,
Columbus, Ohio